Watatu Walioisikia Sumu

Hapo zamani, tena msinitazame hivyo, si zamani ile ya sungura kusema na fisi kujibu. Zamani hii hii ya karibu, umeme ulikuwapo, ila ulikuwa ukikatika. Palikuwa na mji ukiitwa Tulizana, na mji ule ulikuwa na Jumbe, na Jumbe yule alikuwa na damu nzito.

Nikisema nzito, ni nzito kweli. Mbu akimuuma Jumbe Mwinchande, mdomo unanasa. Mbu anabaki palepale shavuni anapapatika mpaka aitwe mtumishi aje kumng'oa. Siku za mvua Jumbe alikaa barazani na mbu kadhaa wamemning'inia usoni, anapokea wageni, na wageni wanajitia hawaoni. Matabibu wakamwambia, "Jumbe, damu hii ikiachwa itaganda humo humo ndani, na bonge likifika moyoni, basi tena." Jumbe akaogopa. Alikuwa mtu mkubwa, lakini aliogopa, na hata wewe ungeogopa.

Ikatafutwa dawa. Dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi ipo, inatoka ng'ambo, ni unga mweupe unaotolewa kwenye utumbo wa... wa mnyama yule. Mnamjua. Barazani kwa Jumbe jina lake halitajwi. Masheikh walikwisha kutoa ruhusa kwa sababu ya maradhi, basi watu wakawa wanasema "utumbo wa yule bwana" na mazungumzo yanaendelea. Unga ule unayeyushwa, unatiwa vichupani, mtu anachomwa sindano. Jumbe alichomwa kila siku, na hospitali ya mji iliitumia dawa hiyo hiyo kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Kasha lilikuwa moja, la Jumbe na la wagonjwa.

Sasa Tulizana palikuwa na desturi. Chochote kinachoingia mwilini mwa Jumbe, kwanza kiingie mwilini mwa mwonjaji. Wali, kwanza mwonjaji. Chai, kwanza mwonjaji. Maji ya kusukutulia, kwanza mwonjaji. Ikaja sindano, watu wakakuna vichwa. Sindano inaonjwaje? Mmoja akasema ilambwe. Mwingine akasema inuswe. Walipochoka kubishana wakaamua kwamba mwonjaji achomwe kwanza, akiwa mzima mpaka kikombe cha kahawa kimepoa, ndipo achomwe Jumbe.

Mwonjaji alikuwa Mzee Nyange. Kazi aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu, na mwonjaji wa Tulizana hastaafu. Siku akifa, mtoto wake anaingia. Nyange alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mashavu, fundi cherehani. Damu ya Nyange haikuwa na neno lolote, maskini ya Mungu. Kwa kuchomwa dawa isiyo yake ikawa nyepesi kupita kiasi. Akinyoa ndevu asubuhi, kidevu kinavuja mpaka adhuhuri. Miaka yote aliufaidi mchuzi wa Jumbe hakusema kitu, lakini sindano hii aliichukia, na kila asubuhi alitafuta njia ya kuikwepa.

"Leo nasikia kizunguzungu."

"Leo nasikia baridi miguuni."

"Leo nasikia kitu hapa, sijui nini, lakini nakisikia."

Wanamchoma tu. Walikwisha kumzoea. Huyo ndiye wa kwanza, mshikeni hapo hapo, msimwachie.

Wa pili ni Bi Siwatu, muuza supu ya makongoro pale sokoni. Mwanamke wa maneno, mkono mzuri wa kupika, ila pua yake ilikuwa na ugonjwa wake. Ilisikia harufu ya makongoro kila mahali. Bwana harusi akipita na marashi yake, Bi Siwatu anakunja uso, "Nasikia harufu ya makongoro." Sabuni mpya dukani, makongoro. Kanzu iliyotoka kwa dobi, makongoro. Hata Jumbe alipokuwa akihutubia mji, Bi Siwatu alisimama akauliza kwa sauti ni nani aliyeacha makongoro jikoni yanaungua. Watu wakimwambia, "Bi Siwatu, unanuka wewe mwenyewe," anakuja juu, hapakaliki.

Wa tatu ni Tunu, mkemia, msichana aliyesoma, mtunza sumaku.

Loo! Sumaku sijawaambia. Nawaeleza habari za makongoro, jambo kubwa nimeliruka!

Jumbe aliinunua sumaku ile kwa sababu mgeni mmoja alimwambia kwamba mji wenye hadhi haukosi. Ilikuwa pipa refu lenye miguu mitatu, limejengewa nyumba yake pembeni mwa mji. Tumboni mna ubaridi ambao barafu mbele yake ni uji wa moto. Na ubaridi ule ndio roho yake. Ukitaka kuizima, ubaridi unatoka wote kwa moshi mweupe, unapotelea hewani, na Tulizana hawana pa kuununua mwingine. Ikizimwa, imezimwa. Inabaki pipa la kutunzia mahindi.

Na ilivuta chuma, jamani, ilivuta! Ilivuta funguo mifukoni. Ilivuta jembe begani kwa mtu. Askari aliyewekwa mlangoni alinaswa kwa chuma cha mkanda, akashinda amekumbatia pipa mpaka wakaja kumkata mkanda, akarudi nyumbani ameshika suruali kwa mikono miwili. Watu wakaona heri wapitie mbali.

Bi Siwatu hakupitia mbali. Yeye na njia ya mkato! Alikuwa na sufuria la chuma, zito, aliloachiwa na marehemu mama yake, si haya mepesi ya siku hizi. Akapita mlangoni kwa sumaku sufuria liko kichwani, limejaa supu. Likamtoka. Likaruka peke yake, likapita juu ya kichwa cha askari likimmwagia supu, likaenda kujibandika ubavuni mwa pipa, pah! Wakavuta wanaume, wakavuta kwa kamba, wakavuta kwa ng'ombe. Halitoki. Tunu akasema, "Bibi yangu, nisamehe, hapo halitoki mpaka sumaku izimwe. Na sumaku haizimwi." Tangu siku hiyo Bi Siwatu anapikia supu kwenye ndoo, na supu ya ndoo haina wateja. Alilia yule mama. Alililia sufuria, akamlilia na mama yake upya.

Haya. Sumaku yenyewe kazi yake nini? Kazi yake kusikia. Unayeyusha dawa kwenye maji, unaitia katika kijibomba chembamba cha kioo, unaishusha tumboni mwa pipa. Sumaku inavipanga vijichembe vya dawa vyote vitulie, halafu inapigwa sauti ya redio, ile ambayo sikio la mtu haliipati. Vijichembe vinashtuka, vinaitikia. Na kila kimoja kinaitikia kwa sauti yake, kutegemea kimekaa na jirani gani. Tunu anaziona sauti zile kwenye kioo cha kompyuta zimekuwa vilima. Dawa safi ina kilima chake kimoja mahali fulani, kimesimama peke yake. Akitokea mgeni, kilima kingine kinachomoza. Basi, hakuna uchawi hapo.

Mwaka huo huko ng'ambo wale mabwana wenye utumbo wakapatwa na tauni, wakafa wengi. Dawa ikawa adimu. Mfanyabiashara aliyeiletea Tulizana dawa akasema hapana shida, yeye anayo, na akatanguliza kichupa kimoja cha kuonyesha.

Tunu akakishusha kichupa kwenye sumaku. Akatazama. Kilima kikubwa kipo mahali pake. Na kushoto kwake, kando kidogo, kimekaa kilima kingine kidogo, kimechongoka. Tunu akakitazama kilima. Akalitazama sufuria. Akakitazama kilima. Akalitazama sufuria.

"Ni sufuria la Bi Siwatu hili," akasema. "Limeichanganya sumaku, sasa inasikia mambo yasiyokuwapo." Akatuma ujumbe kwa Jumbe: dawa na iletwe.

Ikaletwa. Kasha likapita sokoni kwenye mkokoteni. Bi Siwatu akainua pua kutoka kwenye ndoo. "Simamisheni! Nasikia harufu ya makongoro humo." Soko zima likaangua kicheko. Mwenye mkokoteni alicheka mpaka akakaa chini. Mkokoteni ukapita.

Likafika hospitali. Daktari akafanya kipimo chake cha siku zote, tone la damu kwenye kijiko na tone la dawa juu yake. Damu isipoganda, dawa ni nzuri. Haikuganda. Akapiga muhuri.

Likafika barazani. Nyange akakunja mkono wa shati, akachomwa. Jumbe naye akakunja mkono wa kanzu, anangoja kahawa ipoe.

"Jumbe wangu," akasema Nyange, "nasikia midomo inawaka."

"Nyange bwana, na wewe!"

"Nasikia kifua kinabana."

"Jana ulisikia miguu."

"Nasikia..." akaanguka. Puu! Midomo imevimba imekuwa miwili ya watu wawili, presha imeshuka, macho yamegeuka. Wakambeba mbio hospitali. Mashavu akaja na sindano ya cherehani bado iko mdomoni, akapiga magoti, akamwita, "Baba! Baba!" na baba haitiki. Hapo hapakuwa na aliyecheka.

Hakufa. Siwezi kuwaficha, maana naona mama yule pale ameanza kutoa leso. Jioni alifumbua macho.

Hospitalini dawa ilikuwa bado haijapewa mgonjwa yeyote, kwa sababu desturi ilisema hata wagonjwa wangoje Nyange kwanza. Kwa hiyo mkono wa Nyange uliukinga mji mzima, mwenyewe hajui.

Habari zikamfika Tunu. Akakimbilia kwenye sumaku. Akatafuta kichupa cha mwaka uliopita, cha dawa ile ambayo watu walikwisha kuitumia wakaishi, akakishusha. Kilima kimoja. Na sufuria liko pale pale ubavuni! Akashusha kichupa kipya. Vilima viwili. Akakaa chini kwenye sakafu, akashika kichwa. "Sufuria halina kosa," akasema. "Kosa langu." Kisha akainuka, akashusha kichupa kimoja baada ya kingine, kasha zima, hakula hakunywa. Vingine vilikuwa na mgeni, vingine vilikuwa safi. Akavitenga. Vilivyo safi wakapewa Jumbe na wagonjwa, na wote wakaamka wazima.

Mfanyabiashara akakamatwa. Akaulizwa barazani, umechanganya nini? Akasema, "Utumbo ulikuwa hautoshi. Nikapata unga mwingine, umetengenezwa ufanane. Nao unaifanya damu iwe nyepesi, ndiyo maana kijiko hakikuugundua."

"Unga wa nini?"

"Wa gegedu."

"Gegedu la nini?"

Akaangalia chini. "La miguu ya ng'ombe."

Kutoka nyuma kabisa ya umati ikatoka sauti, "MAKONGORO! Si nilisema? Si nilisema, nyie? Makongoro!"

Basi Jumbe, kwa furaha ya kupona, akafanya lile kosa la wakubwa, akaahidi kabla ya kufikiri. Mpiga mbiu akazunguka mji: "Aliyeisikia sumu hii kwanza na aje kwa Jumbe! Ataomba jambo moja, atapewa! Jambo moja, mtu mmoja!"

Wakaja watatu.

Bi Siwatu akatangulia, mikono kiunoni. "Jumbe, mimi niliisikia ikiwa bado iko njiani. Kasha limefungwa, sindano haijachomoka, mimi nimekwisha kuisikia. Soko zima shahidi, maana soko zima lilinicheka. Ombi langu ni dogo. Zimeni pipa lile nipewe sufuria la mama yangu."

Tunu akasema, "Jumbe, Bi Siwatu alisikia makongoro. Hakusikia sumu. Na makongoro huyasikia hata kwenye harusi."

"Na safari hii yalikuwapo au hayakuwapo?" akauliza Bi Siwatu.

Nyange akaletwa kwa kiti, midomo bado haijarudi sawasawa. "Jumbe wangu, hawa wamesikia kwa pua na kwa pipa. Mimi nimeisikia kwa roho yangu. Harufu ilipita sokoni, nani alisimama? Kilima kilichomoza, nani alisimama? Mimi nilipoisikia, ulisimamisha sindano yako. Ombi langu ni moja. Desturi ya mwonjaji ife, nami nikiwa hai. Sitaki kuchomwa tena. Na mwanangu asichomwe."

Bi Siwatu akamgeukia kwa huruma, akamwambia, "Pole, kaka Nyange. Lakini wewe husikia kitu kila siku. Siku ile ulipokisikia kweli, tungekujuaje?"

"Mngenijua kwa kuanguka, dada yangu."

Akabaki Tunu. Akasimama kwa aibu, lakini akasimama. "Jumbe, mimi niliisikia kabla ya hawa wote. Kichupa cha kwanza kilipofika, kasha halijapakiwa huko litokako, sumaku iliisikia, na mimi nilikiona kilima kwa macho yangu. Sikukiamini. Hilo ni kosa, nalikubali, na Mzee Nyange nimemwomba radhi mbele ya mwanawe. Lakini mkono wake ulijua kuna sumu, haukujua iko kichupa gani. Ungetaka kujua, ungemchoma kwa kila kichupa. Aliyevitenga ni sumaku. Ombi langu, isizimwe, leo wala kesho, kwa ajili ya sufuria wala kwa ajili ya nani."

"Uliisikia, ukasema iletwe!" Bi Siwatu akadakia. "Hiyo ni kusikia?"

Hapo baraza likachafuka. Wengine wakasema kusikia ni pua, ndiyo maana tunasema nasikia harufu. Wengine wakasema kusikia ni mwili, nasikia maumivu, nasikia njaa. Wengine wakasema kusikia ni sauti, na sauti aliipata Tunu peke yake. Jumbe akageuza shingo huku na huku. Mama yake mzazi, Bi Mwanaheri, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia, akashindwa kuvumilia.

"Mwinchande! Mtoto anayeambiwa asitii tunasemaje? Si tunasema hasikii? Basi kusikia ni kushika unaloambiwa. Bi Siwatu alisema, hakuna aliyesikia. Nyange alisema, na wewe ulimcheka, hukusikia. Binti aliambiwa na pipa lake, hakusikia. Mji mzima huu viziwi, halafu unauliza nani alisikia kwanza!"

Jumbe akakuna shavu. Angetaka kuwapa wote watatu, lakini ahadi ilikuwa moja, mbiu imekwisha kupigwa, na Jumbe wa Tulizana hatengui mbiu.

Haya, nanyi pimeni. Bi Siwatu akipewa, anapata sufuria lake, sumaku inakufa, na kwa kuijua dawa mbaya mji unabaki na pua yake yeye na mkono wa Nyange. Tunu akipewa, sumaku inabaki inasikia, lakini desturi inabaki nayo, Nyange anachomwa kila asubuhi, na siku akizimika anaitwa Mashavu aache cherehani. Nyange akipewa, mkono wake unapumzika. Ila hapo Bi Siwatu hana sufuria, na hana haya ya kwenda kulidai na watu wake na mashoka, na sumaku haina amri ya kuilinda.

Jumbe akasema, "Nipeni siku chache nifikiri." Na angepewa, lakini wakati ule ule honi ikalia langoni. Ni kasha jipya, kutoka kwa mfanyabiashara mwingine kabisa, asiyejulikana na mtu. Hospitalini wagonjwa wamekwisha kulazwa kwenye mashine, wanangoja. Daktari akaingia barazani na bomba la sindano, limejaa, hata sumaku haijaulizwa. Kahawa ikamiminwa.

Nyange hakusema anasikia nini. Kwa mara ya kwanza hakusema. Alikunja mkono wa shati taratibu, akauweka juu ya meza, akamtazama mwanawe. Mashavu akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaufunika, akamtazama Jumbe. Daktari naye akamtazama Jumbe. Jumbe akawatazama watu wake, na hukumu naikabidhi kwenu, maana mimi nimejaribu kuikata na nimeshindwa.

Bishaneni, lakini msichelewe, sindano iko juu ya mikono ya Mashavu. Je, nani aliisikia sumu kwanza?